Adolphe Kégresse: Fundi wa Tsar anayetambulika kwa mkanda pichani

WANAOKUSANYA picha za magari ya kale wana fumbo moja linalowarudia kila mara. Gari limesimama, pengine juu ya theluji, pengine mchangani. Mbele lina magurudumu mawili ya kawaida, au mbao mbili za kutelezea. Nyuma halina magurudumu kabisa. Lina mikanda miwili minene inayozunguka kama ya katapila, ila si ya chuma. Ukitazama rejeta unaona ni Packard. Picha nyingine, Rolls-Royce. Nyingine tena, Citroën.

Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanaendelea kulikodolea macho boneti wakitafuta jina la kiwanda. Jina wanalolitafuta liko nyuma, kwenye mkanda. Ni la Mfaransa Adolphe Kégresse, fundi aliyemwendesha mfalme wa mwisho wa Urusi, akakimbia mapinduzi, kisha kazi ya mikono yake ikafika Timbuktu, Kampala, Dar es Salaam, Mombasa na Cape Town.

Kégresse alizaliwa Juni 20, 1879 katika mji mdogo wa Héricourt, mashariki mwa Ufaransa. Mji huo uko kati ya Belfort na Montbéliard, nchi ya viwanda vya nguo na vya vyuma, ambako familia ya Peugeot ilikuwa tayari imejijengea jina kwa kutengeneza misumeno na baiskeli kabla ya kuingia kwenye magari. Kijana aliyekulia huko hakuhitaji kwenda mbali ili ajifunze kushika spana.

Hata hivyo alikwenda mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 alihamia Urusi, nchi iliyokuwa na matajiri wengi wenye hamu ya magari na mafundi wachache wa kuyatengeneza. Haikupita miaka mingi akawa ndani ya gereji ya Tsar Nicholas II huko Tsarskoye Selo, nje kidogo ya mji mkuu, St. Petersburg. Aliongoza kazi za ufundi katika gereji hiyo, na pia alikuwa dereva wa Tsar mwenyewe.

Gereji ile haikuwa ya mchezo. Ilikuwa na magari ya Kifaransa ya Delaunay-Belleville, ya Kijerumani ya Mercedes na mengine ya bei ambayo hata matajiri wa kawaida hawakuthubutu kuiuliza. Lakini theluji ilipoanza kushuka, utajiri wote huo ulifungiwa ndani. Gurudumu jembamba linakanyaga sehemu ndogo ya ardhi, na uzito wote wa gari unashukia hapo. Kwenye theluji laini linazama, linazunguka pale pale na kujichimbia shimo. Dereva yeyote aliyewahi kukwama kwenye tope la masika anaijua adha hiyo bila kuelezwa. Kwa miezi mingi ya mwaka, mfalme mwenye magari bora kuliko wengi duniani alilazimika kurudi kwenye kijigari cha kuburutwa na farasi.

Kazi ya kutafuta dawa ilimwangukia Kégresse. Magari ya minyororo ya chuma yalikuwepo tayari. Wamarekani waliyatumia mashambani kuvuta mashine za kilimo. Lakini mnyororo wa chuma ulikuwa mzito, wenye kelele, na ulikwenda taratibu mno. Kuufunga kwenye gari la abiria kungekuwa sawa na kumvisha bibi harusi buti za askari.

Yeye alichagua njia nyingine. Badala ya vipande vya chuma vilivyounganishwa, alitumia mkanda mmoja usio na viungo, unaopindika. Mkanda huo ulizunguka magurudumu mawili ya pembeni, na katikati yake kulikuwa na vigurudumu vidogo vilivyofungwa kwenye mikono inayopanda na kushuka, ili mkanda ufuate kila bonde na kila kichuguu cha ardhi. Uzito wa gari ulienea sehemu kubwa, gari likaelea juu ya theluji badala ya kuzama. Mbele aliweza kufunga mbao za kutelezea. Na kwa kuwa mkanda ulikuwa mwepesi, gari liliendelea kwenda kwa mwendo wa gari, si wa trekta.

Jambo la maana zaidi kwa anayetazama picha leo ni hili: kifaa hicho hakikuwa gari. Kilikuwa kitu cha kufungwa kwenye gari la mtu mwingine. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kilijaribiwa kwenye Russo-Balt, gari lililotengenezwa ndani ya milki ya Urusi. Baadaye kilifungwa kwenye Packard ya Marekani iliyokuwa katika gereji ya Tsar. Ndiyo maana mkanda ule ule unaonekana chini ya nyuso tofauti, kama kanzu moja inayoazimwa na ndugu watatu.

Familia ya Tsar ilipenda sana kamera. Mfalme, mkewe na watoto wao walipigana picha bila kuchoka na kuzibandika kwenye albamu, na nyingi zimesalia. Kwa sababu hiyo maisha ya Tsarskoye Selo yanajulikana kwa macho kuliko ya majumba mengi ya kifalme ya wakati ule, na magari ya theluji ni sehemu ya kumbukumbu hiyo.

Vita vilipoanza mwaka 1914, kilichobuniwa kwa ajili ya starehe kiliitwa jeshini. Magari ya deraya yaliyojengwa kwa chesisi za Austin kutoka Uingereza yalikuwa yakikwama kwenye matope ya Urusi, na uamuzi ukafanywa kuyafunga mikanda ya Kégresse katika kiwanda cha Putilov, mjini Petrograd, jina jipya la St. Petersburg wakati wa vita. Kabla ya kazi hiyo kushika kasi, mwaka 1917 kiti cha enzi kilianguka.

Kwa mtu aliyekuwa akikaa usukani wa gari la mfalme, Petrograd ya mwaka ule haikuwa mahali pa kusubiri kuona kitakachotokea. Kégresse aliondoka kupitia Finland na kurejea Ufaransa. Mwajiri wake hakuwahi kuondoka; Nicholas na familia yake waliuawa Julai 1918 huko Yekaterinburg.

Mikanda ilibaki. Hapa historia ina kejeli yake: wafanyakazi wa Putilov, ambao kiwanda chao kilikuwa kitovu cha migomo iliyomng'oa Tsar, waliendelea kutengeneza kifaa kilichobuniwa ili Tsar asikose matembezi wakati wa baridi. Magari ya deraya yenye mikanda hiyo yalipigana upande wa Wekundu, na mwaka 1920 baadhi yake yakatekwa na jeshi la Poland. Kwa hiyo picha ya gari la aina hiyo lenye alama za Kipoland si ya uongo. Gari lilibadilisha bendera, halikubadilisha mikanda.

Lenin naye alipata lake. Rolls-Royce aina ya Silver Ghost ilifungwa mikanda ya Kégresse nyuma ili kiongozi huyo aweze kusafiri wakati wa theluji kwenda Gorki, kijiji kilicho karibu na Moscow ambako alipumzika na ambako alifariki Januari 1924. Gari hilo lipo hadi leo, limehifadhiwa katika makumbusho ya hapo hapo Gorki.

Ni rahisi mno kuchanganya picha ya gari la Tsar na la Lenin. Yote mawili ni makubwa, ya kigeni, na yana mikanda ile ile nyuma. Tofauti iko usoni. Rejeta ya Rolls-Royce ina kona kali na juu yake imechongoka kama paa la hekalu la Kigiriki. Ya Packard ina mabega: ukingo wa juu unateremka kwa mviringo pande zote mbili, kama nira ya ng'ombe. Kwa alama hiyo moja, picha inaweza kuhama kutoka jumba la mfalme hadi nyumba ya mwanamapinduzi.

Nchini Ufaransa, Kégresse alikuwa mtu wa takriban miaka 40, na bwana aliyemtumikia hakuwa na ufalme tena. Alichokuwa nacho ni wazo. Alikutana na mwenye viwanda Jacques Hinstin, na kupitia kwake akafika kwa André Citroën, aliyekuwa ameanza kuuza magari ya bei nafuu mwaka 1919 na aliyejua kutangaza biashara kuliko mtu mwingine yeyote wa kizazi chake. Mwaka 1921 majina hayo matatu yaliunganishwa: Citroën, Kégresse, Hinstin.

Citroën aliona haraka kwamba theluji ya Ufaransa haitoshi kuuza kitu. Mchanga ungetosha. Ufaransa ilitawala eneo kubwa la Sahara na haikuwa na njia ya magari ya kulivuka. Desemba 17, 1922 magari matano yaliondoka Touggourt, Algeria, yakiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Yalitokana na gari la kawaida la Citroën B2, lenye injini ya silinda nne na ujazo wa sentimita 1,452, ambayo leo ingeonekana ndogo hata kwa gari la kwenda sokoni. Januari 7, 1923 yalifika Timbuktu.

Kila gari lilichorwa nembo yake ubavuni. La Haardt liliitwa Scarabée d'Or, yaani Dundu wa Dhahabu. La Audouin-Dubreuil lilikuwa Hilali ya Fedha. Yaliyobaki yalikuwa Kobe Arukaye, Ng'ombe Apis na Kiwavi Atambaaye. Jina hilo la mwisho lina utani ndani yake, kwani kwa Kifaransa neno la kiwavi ndilo hilo hilo la mkanda wa gari. Na Kiswahili nacho kililiazima neno la Kiingereza la mdudu huyo huyo kikapata katapila.

Nembo hizo ni msaada kwa mtambuzi wa picha, na pia ni mtego. Dundu wa Dhahabu hakuwa gari moja. Haardt alilibeba jina hilo kwenye safari iliyofuata na ile ya baadaye ya Asia, kila mara likichorwa kwenye gari jipya. Anayeona dundu ubavuni ameshamjua kiongozi wa msafara. Bado hajajua gari lenyewe, wala mwaka. Lazima atazame mengine. Magari ya Sahara ya 1922 yalikuwa mafupi, ya wazi, na baadhi yalifungwa bunduki za rashasha. Yale ya safari ya pili yalivuta matela.

Safari hiyo ya pili ndiyo iliyoileta kazi ya Kégresse katika ukanda huu. Wafaransa waliiita Croisière Noire, yaani Safari Nyeusi, jina linaloeleza zaidi waliolibuni kuliko bara walilolipita. Magari manane yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, Oktoba 28, 1924. Yalipita Niger na Chad, yakaingia Oubangui-Chari, ambayo sasa ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji, hadi Stanleyville, mji unaoitwa Kisangani leo. Kutoka hapo yakaelekea Uganda.

Mjini Kampala, mwaka 1925, msafara uligawanyika makundi manne ya magari mawili mawili. Audouin-Dubreuil alielekea Mombasa. Kamanda Bettembourg alishika njia ya Dar es Salaam. Mhandisi Charles Brull alianza safari ndefu ya kusini hadi Cape Town. Haardt mwenyewe alipita kuelekea pwani ya Msumbiji. Waliofika pwani walivuka bahari kwenda Madagaska, na Haardt aliingia Antananarivo Juni 26, 1925.

Mgawanyiko huo wa Kampala ni zawadi kwa mtu mwenye picha mkononi. Picha ya gari la mikanda la Citroën lenye tela, ikiwa imepigwa Mombasa mwaka 1925, inaelekea kwenye magari mawili tu duniani. Ikiwa imepigwa Dar es Salaam, ni mawili mengine. Mnazi nyuma ya gari, nguzo ya simu, kofia ya askari kanzu, yote yanaweza kueleza mahali. Mahali panaeleza kundi. Na nembo ya ubavuni inamaliza kazi.

Lakini picha hizo zina watu pia, na hao hawana nembo. Msafara ulikuwa na mchoraji, Alexandre Iacovleff, na mtengenezaji wa filamu, Léon Poirier, kwa hiyo sura nyingi za Waafrika zilichorwa na kupigwa picha njiani. Mwanamke mmoja wa Kimangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo, Nobosodru, sura yake yenye kichwa kirefu na nywele zilizopambwa ikawa tangazo la safari nzima. Yeye jina lake lilibaki. Wengi hawakubahatika hivyo, wakiwamo vibarua waliofyeka msitu wa Kongo ili magari yapite. Matangazo ya Paris yalisifu mkanda unaopita popote. Hayakueleza kwamba mahali pengine mkanda ulipita kwa sababu mapanga yalitangulia. Anayetambua gari kwenye picha ya namna hiyo akaishia kwenye gari, ameisoma nusu ya picha.

Kégresse hakuwa mmoja wa viongozi wa safari hizo. Umaarufu ulikwenda kwa Haardt, na zaidi kwa Citroën, ambaye kuanzia 1925 jina lake liliandikwa kwa taa kwenye Mnara wa Eiffel. Filamu ya Poirier ilionyeshwa Paris mwaka 1926, na watu walitoka ukumbini wakizungumza juu ya Afrika na Citroën. Fundi alirudi kwenye meza yake ya kuchorea.

Huko aliendelea kuboresha. Waingereza walifunga mikanda yake kwenye malori ya Crossley na Burford. Poland, iliyoijua mikanda hiyo tangu ilipoiteka kutoka kwa Warusi, ilinunua chesisi za Citroën-Kégresse na kuzijengea magari ya deraya. Mwaka 1931 jeshi la Marekani lilinunua gari lake la aina ya P17 kwa majaribio. Mwaka huo huo Haardt aliondoka Beirut kuvuka Asia. Msafara ulifika Peking Februari 1932, na mwezi uliofuata Haardt akafariki Hong Kong kwa ugonjwa wa mapafu.

Kisha nguzo ya pili ikaanguka. Citroën alitumia fedha nyingi mno kwenye kiwanda kipya na gari jipya la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Mwishoni mwa 1934 kampuni ilifilisika na kuchukuliwa na Michelin, na Julai 3, 1935 Citroën mwenyewe akafariki. Wamiliki wapya walikuwa na hesabu za kulipa, hawakuwa na hamu ya misafara. Kwa mara ya pili katika maisha yake, Kégresse alimpoteza bwana aliyeiamini kazi yake.

Wakati huo mkanda ulikuwa umeshaanza kuishi bila yeye. Wamarekani waliufanyia kazi, wakatoa magari ya kijeshi ya M2 na M3, yenye magurudumu mbele na mikanda ya mpira nyuma. Katika Vita Kuu ya Pili viwanda vyao vilitengeneza zaidi ya 40,000 ya aina hizo. Mengi yalifungwa mbele gogo la chuma linalozunguka, la kusaidia gari kupanda kingo za mitaro, na hiyo ni alama nyingine ya kuweka picha mahali pake. Gari la mikanda lenye gogo hilo na boneti ya deraya haliwezi kuwa la Tsar wala la Haardt wa Sahara, hata kama picha imechakaa kiasi gani.

Kégresse mwenyewe alikuwa amehamia kwenye fumbo jingine. Alijiuliza kwa nini gari lipoteze nguvu kila dereva anapobadili gia. Jibu lake lilikuwa klachi mbili: moja ishike gia za namba witiri, nyingine za namba shufwa, ili gia inayofuata iwe tayari kabla iliyopo haijaachiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliijaribu giaboksi hiyo kwenye gari la Citroën. Vita vilikuja, mtu wa kuitengeneza kwa wingi hakupatikana, na mchoro ukakaa kabatini. Porsche ililirudia wazo hilo kwenye magari ya mashindano katika miaka ya 1980, na mwaka 2003 Volkswagen ikaliingiza kwenye magari ya watu wa kawaida. Baadhi ya magari yanayoshushwa leo katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yana giaboksi ya namna hiyo, na fundi anayeifungua ili abadili klachi hana sababu ya kujua ilianzia kwa nani.

Adolphe Kégresse alifariki Februari 1943 karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 63. Ufaransa ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na jeshi lao lilikuwa likitumia magari ya mikanda lililoyateka kwa Wafaransa mwaka 1940. Upande wa pili, katika Afrika Kaskazini, Wamarekani walikuwa wakipigana nao wakiwa ndani ya M3. Picha za vita hivyo zimejaa pande zote mbili, na wenye kuzichambua bado huanza na swali lile lile: gari ni la nani, na mkanda ni wa aina gani.

Dundu wa Dhahabu aliyevuka Sahara amehifadhiwa Ufaransa. Kampuni ya Citroën ilipotimiza miaka 100 mwaka 2019, wanafunzi wa uhandisi wa nchi hiyo walijenga nakala yake inayotembea. Ili kuipata sawasawa, walilipima gari lenyewe na kulilinganisha na picha za mwaka 1922.